Bahari Iliyompisha Mama Mkwe

Jana usiku niliota miche ya mikoko imekuja nyumbani kwangu kudai chai.

Imepanga foleni mlangoni, kila mmoja na kibao shingoni chenye jina langu. Kosa ni letu wenyewe. Kikundi chetu cha kupanda mikoko, pale mto Mvumoni unapoingia baharini, kina sheria kwamba kila mche uwe na mlezi, na mimi ndiye katibu niliyeisoma sheria hiyo mbele ya watu kwa sauti ya kujisikia. Sikujua kama na miche ilikuwa inasikiliza.

"Shikamoo mlezi," unasema mche wa mbele.

"Marahaba. Mnatumia nini?"

"Maji ya chumvi."

Naingia jikoni, natia kijiko cha chumvi kwenye jagi la maji, nakoroga. Miche inaonja kwa adabu, kisha inatazamana. Mmoja unaniambia kwa upole kwamba hii ni chumvi ya mchuzi. Nyuma kabisa ya foleni kuna mingine iliyokauka, ya rangi ya kahawia, ambayo haiombi kitu. Naitambua. Ni ile tuliyopanda mwaka juzi na mwaka jana, nayo pia imevaa jina langu.

Iliniuma, sitaficha. Lile eneo la tope kati ya mto na bahari tumelipanda mara mbili, na mara mbili miche imetufia mikononi. Kijiji kimeshatuambia bila kuzungusha maneno kwamba ikifa tena, eneo linapewa bwana mmoja anayetaka kuchimba mabwawa ya chumvi. Upandaji wa tatu ulipangwa asubuhi ya leo.

Nageuka kuchukua kikombe kingine, jiko halipo. Tuko kwenye eneo lenyewe, na kijiko bado ninacho. Bwana wa chumvi ameketi katikati juu ya kigoda, sufuria mapajani, anasubiri. Ananisalimia vizuri tu. Ananiambia hana haraka, ardhi inajipika yenyewe. Natazama chini naona tope limepasukapasuka na kufanya ukoko mweupe, na miche iliyonifuata imeanza kuwa myeupe miguuni.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi udadisi ulinizidi nguvu, maana hapa ni mahali pa maji, na hata tone sikuliona. Namwinamia kaa mmoja mwenye gando kubwa upande mmoja, aliyekaa mlangoni pa shimo lake kama mwenye duka lisilo na wateja, namuuliza maji yamekwenda wapi.

"Yanakuja kila siku," anasema kaa. "Yakifika kwenye tuta, yanasimama."

"Yanasimama kwa nini?"

"Mimi ni kaa. Nenda kayaulize."

Tuta hilo nalijua vizuri. Ni la mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, mwenyekiti wa kikundi. Kabla ya upandaji wa kwanza aliwaongoza akina mama kulijenga kwa udongo na mawe, likakatiza vijito vyote vidogo, ili wageni na wapandaji wapite bila kuzama hadi magotini. Hakuna mgeni ambaye hajalisifu. Mama mkwe husimama juu yake akatoa hotuba, kanga mpya, sauti imemkaa sawasawa, na mimi husimama chini nikampigia makofi kuliko mtu yeyote. Wenzangu hunitania kwamba bado nalipa mahari.

Napanda juu ya tuta. Upande wa pili bahari imejaa pomoni, lakini imesimama kando na kuinamisha uso, vilevile nifanyavyo mimi nikikutana na mama mkwe njiani. Hata viatu imevua. Sijui viatu vya bahari vikoje siku zote, ila jana vilikuwa pale, viwili, vimewekwa vizuri pembeni.

"Mbona hupiti?" naiuliza.

"Hii ni njia ya mkwe," bahari inanong'ona. "Mkwe anapishwa."

"Amekuwaje mkwe wako?"

"Nimeuoa mto wenu. Mto ni binti wa hapa, na mama wa hapa ni huyo mwenye tuta. Wewe umewahi kumkatiza mkwe wako?"

Sijawahi. Tangu nimuoe Zalia, nikiwa na neno kwa mama yake humtuma yeye alipeleke, na jibu hunirudia kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo naishauri bahari, kwa uzoefu wangu, imtume mke.

"Nimeutuma sana huo mto," inasema. "Kila masika unakuja kumgongea tuta. Yeye anadhani anasalimiwa, anaitikia, halafu anaongeza mawe."

Hilo ni kweli. Mawe ya mwaka jana niliyabeba mimi.

Mara Bi Mwanamkuu huyu anakuja juu ya tuta, anakagua njia ya wageni, anang'oa jani hapa na pale. Bahari inajisogeza pembeni, nami najisogeza pembeni. Tunajikuta bega kwa bega, mkwe na mkwe, kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Nyuma yetu, bwana wa chumvi ameanza kukoroga sufuria. Miche inatutazama, na weupe umeifika magotini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

"Samahani, walezi," unasema ule mche wa mbele. "Kati yenu wawili, nani ataanza?"

Bahari inanitazama mimi. Kubwa lote lile, linanitazama mimi.

Tuta limekuwa mkeka wa harusi yangu, na mama mkwe ameketi mbele yangu kama siku ile, uso kaugeuzia ukutani.

"Mama," nasema, "bahari inaomba njia."

Anageuka taratibu, ananitazama machoni, jambo ambalo hajalifanya tangu nioe kwake.

"Kwani nani kaizuia?" anauliza.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Zalia alikuwa anachochea moto nje, na mimi nikalala pale nikijipangia namna ya kumtuma kwa mama yake kabla wageni hawajafika. Niliyapanga maneno, nikayapangua. Kila nilivyoyaweka yalitoka na utovu wa adabu. Ndipo nikasikia hodi, na sauti haikuwa ya jirani.

Mama mkwe hajawahi kuja kwangu asubuhi, wala kuniita kwa jina lolote bila Zalia kuwa katikati. Leo alikuwa amesimama uani peke yake na jembe begani. Kanga yake ya nyumbani ilikuwa imelowa hadi magotini, na maji yalikuwa bado yanachuruzika. Nikatoka, nikaenda pembeni, nikainama kama kawaida yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miche ibaki kwanza kitaluni. Waambie watu wote waje tutani na majembe, na wageni wakitaka kupita, wavue viatu."

Nikamuuliza kama kuna tatizo. Hakunijibu mpaka nilipoinua uso.

"Usiku kucha mmenipisha, wewe na huyo mwenzako," akasema. "Nimechoka kupishwa."