Nakwenda Kusalimia

"Sikukatalii kwa jeuri, shemeji," Raheli alisema. "Nakukatalia kwa sababu mkishampeleka kule, mimi sitamwona tena. Magoti yangu haya hayafiki Makete."

Danieli alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Nje, gari la kukodi lilikwisha geuzwa, pua ikitazama barabara. Likitoka hapo Mtawanya lingepitia chumba cha maiti kumchukua Mwalimu Gideoni, kaka yake, kisha lishike njia ya Songea, kutwa na kucha, mpaka milimani alikozaliwa. Mama yao bado alikuwa hai, mzee wa kushikwa mkono, na kaburi lilikuwa tayari kando ya baba.

"Mama anamngoja," Danieli alisema. "Nimwambie nini? Kwamba mtoto wake nimemwacha ugenini?"

Neno hilo lilimchoma Raheli. Ugenini! Nyumba waliyoijenga pamoja, watoto waliowazaa na kuwakuza humo, leo iitwe ugenini mbele ya majirani! Wanawake waliokaa mkekani walijifanya wanatengeneza kanga zao, na hakuna aliyekosa hata neno moja.

Mwalimu Gideoni alifika Mtwara kijana, ametoka chuoni, akapangiwa kufundisha Kiswahili shule ya msingi. Watu walimpa mwaka mmoja kabla hajaomba uhamisho. Badala yake alitangaza vita na herufi moja. Watoto wa huku walisema ntu, nkate, nchana, kama mama zao walivyosema, naye akasimamisha darasa zima. "Fungeni midomo! Mmmm. Mtu. Mmmm. Mkate." Darasa likavuma hadi chumba cha pili, ambako Raheli, binti wa Kimakonde kutoka Newala, alikuwa akifundisha darasa la kwanza. Siku moja akaja kulalamika kwamba watoto wake hawasikilizani. Mwalimu akamwomba radhi kwa heshima kubwa mno, akimwita Mwalimu Mkuu. Jina hilo hakuliacha hata walipooana. Akitaka kununua shati, alimwomba ruhusa Mwalimu Mkuu. Akichelewa kurudi, alijieleza kwa Mwalimu Mkuu, amesimama wima, mikono nyuma, na Raheli akacheka hata pale alipokuwa amekusudia kununa.

Alipostaafu alinunua mashine ya kusaga. Wenzake walishangaa: mwalimu mzima, nyusi zimejaa unga? Yeye alifurahi kama amepata darasa jipya. Wanawake walikuja na mabeseni ya makopa, mihogo ile iliyomenywa na kukaushwa, naye alivunja kipande kimoja kwanza akasikiliza mlio wake. Kikikatika kimya alikirudisha. "Bado kibichi hiki. Kirudishe juani, mama, usije ukanilaumu ugali ukikataa." Kila alipomaliza unga wa mtu alifagia mdomo wa mashine kwa ufagio mdogo, ili wa huyu usiingie wa yule. Na kila mchana aliizima, hata foleni iwe ndefu vipi. "Mwalimu Mkuu amelala," aliwaambia. Wateja walilalamika, kisha wakazoea, na baadhi yao walikwenda nyumbani kuwauliza waume zao kwa nini wao hawazimiwi chochote.

Ndiye mtu ambaye Danieli alitaka kumpakia kwenye gari.

"Tokeni kwenye mkanda! Mashine haina adabu, itavua mtu kanga hapa!"

Sauti ilitoka uani. Wote waligeuka. Bibi Mwajuma aliingia, uso mweupe kwa unga, aproni ya Mwalimu imemfika vifundoni, miwani kwenye ncha ya pua. Bibi Mwajuma ni Myao, na Wayao na Wamakonde ni watani. Kwenye msiba wa nyumba ya Mmakonde alikuwa na haki ya kumwigiza marehemu, jambo ambalo mwingine angefukuzwa kwalo. Danieli alikunja uso. Raheli alimshika mkono. "Mwache, shemeji. Ndiyo kazi yake leo."

Bibi Mwajuma alichukua kipande cha makopa, akakivunja sikioni, akatikisa kichwa kwa huzuni ileile ya marehemu. Kicheko kilipasuka mkekani, na ndani yake kulikuwa na kilio. Raheli alicheka mpaka machozi yakamfika kidevuni. Alimwona mumewe. Alimwona kabisa.

Kisha mtani alichukua mfuko uliokuwa ukutani, akautia begani, akaelekea barabarani kwa ule mwendo wa kuinama kidogo mbele, kama Mwalimu alivyofanya kila Desemba akienda likizo kwao.

Sabra, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, akaingia mchezoni. "Safari njema, Mwalimu! Unakwenda nyumbani?"

Bibi Mwajuma alisimama. Akauweka mfuko chini. Akainua kidole.

"Sabra! Miaka yote ile nilikufundisha nini? Nakwenda kusalimia. Nyumbani ntarudi Januari."

"Ntarudi, Mwalimu?"

Mtani aliziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. "Ni-ta-rudi!"

Uwanja mzima uliangua kicheko, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vita vile Mwalimu alivishindwa. Herufi ya huku ilimwingia kinywani taratibu, na uzeeni aliomba nkate na chai mbele ya watu bila mwenyewe kugundua.

Danieli pekee hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti, viwiko juu ya magoti.

"Na kule alikuwa anabisha hodi," alisema.

"Wapi?" Raheli aliuliza.

"Kwa mama. Mlango wa mama yake mzazi. Anasimama nje, hodi, mpaka akaribishwe. Mama anaudhika, anamwambia, mtoto gani anabisha hodi kwao? Anaingia, anakaa kiti cha wageni." Danieli alifuta uso. "Sisi tulisema ni maringo ya usomi."

Raheli hakulijua hilo. Mumewe hakuwahi kumwambia. Alijisikia fahari, na papo hapo akaona aibu mbele ya mama mkwe ambaye mtoto alimjia kama mgeni miaka yote ile. Kiti kile cha wageni, yeye Raheli ndiye aliyekisababisha.

"Mama siwezi kumwambia mimi," Danieli alisema. Alipiga simu, akasema maneno machache ya Kikinga, lugha ya kwao, akampa Raheli simu. "Mwombe mwenyewe. Atakalosema, ndilo."

Raheli aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Ni Raheli."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba..." Alianza upya. "Naomba Gideoni abaki huku."

Bikizee alisema, polepole, kwa Kiswahili cha kutafuta neno baada ya neno:

"Huko kwenu kuna baridi?"

"Hakuna, mama. Kuna joto. Hata usiku."

"Alikuwa mdogo, analala jikoni. Karibu na moto. Namtoa, anarudi. Namtoa, anarudi." Bikizee alivuta pumzi. "Huku ardhi ni baridi sana. Mwacheni huko."

Raheli alimtazama Danieli, akaitikia kwa kichwa. Danieli aliinuka, akaenda kuongea na dereva, kisha akasikika akiwauliza wanaume majembe yako wapi.

Raheli alibaki na simu sikioni. Bikizee hakukata, naye hakukata. Ng'ambo ile upepo ulikuwa ukipita juu ya bati, na mtu alikuwa akichochea moto.