Kibokisi cha Katikati

Jean-Bosco aliamka amechoka, na siku yenyewe ilikuwa bado haijamfanya lolote. Tangu dada yake mkubwa, Nsimire, ateleze kwenye mawe meusi ya uwanja na kuvunja nyonga, kazi ya mzee huyu ilikuwa kwenda na kurudi: kutoka nyumba kubwa ya mbele hadi chumba cha nyuma alikolala mgonjwa, mara na uji, mara na dawa, mara na beseni. Magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika kwa sauti.

Leo kulikuwa na kazi juu ya kazi. Kule Bukavu wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa Joviale. Msichana huyo alikuwa mtoto wa ndugu yao marehemu, na aliyemlea ni Nsimire. Kwa desturi ya kwao, ng'ombe wa mahari hawapokelewi mpaka shangazi wa binti aketi kwenye kiti chake mbele ya wakwe na kusema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Daktari alikuwa amekataza Nsimire asiinuliwe kitandani, sembuse kupandishwa mashua hadi Bukavu. Basi kaka yao Dieudonné, aliyesimamia sherehe, akakubali shangazi aseme kwa simu, uso wake ukionekana.

"Lakini sikiliza, Bosco," alisema jana yake. "Kama mtandao unakataa, mimi sitaacha wakwe wakae na njaa. Patricia iko hapa. Naye ni shangazi."

Patricia alikuwa binti wa baba yao mdogo, na hajawahi kumwosha Joviale hata mguu. Nsimire alipopelekewa habari hiyo aligeuza uso ukutani. "Basi wananizika nikiwa napumua," alisema, na uji wake ukapoa palepale.

Ndiyo maana Jean-Bosco alishuka soko la Birere akarudi na vibokisi viwili vyeupe vya kupokezana waifai. Waifai ya nyumbani ilikuwepo, lakini ilikaa salon tu, kwenye nyumba ya mbele. Ikivuka uwanja inakutana na kuta za mawe ya volkeno, nene kama tofali tatu, inakufa. Simu za kawaida nazo, kule nyuma, zilileta sauti vipandevipande kama nguo iliyoliwa na panya. Muuzaji alimweleza: kibokisi kimoja hakipigi kelele hadi mbali, kinamnong'oneza mwenzake aliye karibu, naye anamnong'oneza anayefuata. Jean-Bosco alielewa mara moja. Ni kama kujenga ukuta hapa Goma: watu wanasimama mstari, jiwe linapita mkono hadi mkono. Mmoja akitoka kwenye mstari, jiwe linaanguka.

Cha salon, kile cha zamani, alikiacha pale pale. Cha katikati alikitundika mlangoni mwa jikoni, kibanda cha mbao na manjanja, yale mabati ya paa, katikati ya uwanja. Cha tatu alikiweka dirishani kwa dada. Jana jioni taa zote zilikuwa kijani, na alilala kama mtu.

Asubuhi hii, taa ya chumba cha nyuma ilikuwa nyekundu.

Alikisogeza kibokisi juu ya kabati. Nyekundu. Akakiweka chini ya kitanda. Nyekundu. Akakichomoa, akahesabu kimoyomoyo kama walivyomfundisha, akakichomeka tena.

"Unakitembeza hivyo kama mutoto mwenye tumbo," alisema Nsimire. Alikuwa amefungwa kitambaa kipya kichwani, na hereni zake za harusi masikioni. "Kitacheua saa ngapi?"

"Yaya, dada yangu, vumilia kidogo."

"Nimevumilia. Patricia amekwisha kujipaka mafuta."

Simu ya Jean-Bosco ikalia. Ilikuwa Dieudonné, sauti inakatika: wakwe... wamefika... ng'ombe kwenye... Kisha kimya. Jean-Bosco alitoka akiburuta miguu hadi jikoni atazame kibokisi cha katikati. Msumari ulikuwepo. Kibokisi hakikuwepo. Waya wake tu ulionekana, umepita juu ya maharage, umeingia kwenye tundu la kutu ubavuni mwa sanduku kubwa la chuma, na sanduku lina kufuli.

"Mama Moïse!"

Henriette, mke wake, alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. "Nini?"

"Kibokisi kimeingiaje humu?"

"Nimekificha." Alisema kwa fahari kidogo. "Kitu cha bei namna ile, kinaangalia njia? Cha maana kinaingia sandukuni. Tukisikia mambo ya vita, wewe unashika mkono huu wa sanduku, mimi ule, tunaondoka."

Jean-Bosco alitaka kukasirika, nguvu ya kukasirika akaikosa. Sanduku hilo walikuwa wamelibeba hivyo mara ngapi? Na diploma za watoto ndani, sufuria nzuri ndani, picha za wazazi ndani. Mwanamke alifanya kama kila mwanamke wa mtaa wao angefanya.

"Chuma kinakifunga mdomo," alisema polepole. "Hakiwezi kunong'ona humo. Lete ufunguo."

Alikitoa, akakirudisha mlangoni. Ubao ulikuwa umeoza kwa mvua, msumari ukatoka nao. Akakiweka chini: nyekundu. Akakishika kwa mikono miwili usawa wa mabega, pale pale kizingitini, na kule ndani Nsimire akapiga kelele, "Ya kijani! Imekuwa ya kijani!"

"Kimbia umshikie simu," Jean-Bosco alimwambia mkewe. "Mimi nabaki hapa."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, kwa hiyo alisikia. Alisikia ngoma za Bukavu, halafu sauti ya dada yake, kavu kama kuni.

"Patricia. Simama."

Ngoma zikanyamaza.

"Yaya, tulikuwa tunakungoja," alisema Dieudonné.

"Mulikuwa munaningoja na mutu mwingine kwenye kiti changu?"

Upande wa wakwe mtu alicheka, halafu wengi. Kiti kilikwaruza sakafu. "Basi, yaya, tumeweka simu kwenye kiti," Dieudonné alisema, ameishiwa. "Umeketi."

"Joviale, sogea nikuone. Huyu kijana unamutaka mwenyewe, ao ni baba zako wanataka ng'ombe?"

"Namutaka, shangazi."

"Haya. Ng'ombe wataingia. Lakini kwanza hawa wakwe wajue wanachukua mutoto gani."

Manyunyu yakaanza. Jean-Bosco alijifuta uso kwa bega. Alijaribu kukunja goti, taa ikapepesa, na Henriette akapaza sauti, "Papa Moïse, usishuke!" Akasimama wima tena.

Muda ulipita. Maharage yalianza kunuka kuungua nyuma yake.

"Mama Moïse," aliita. "Amefika wapi na hadithi ya Joviale?"

"Bado iko kwenye surua! Mutoto hajaanza kutembea!"

Joviale alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita. Jean-Bosco alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akainua kibokisi kidogo zaidi.