Milembe Anaumwa Nini

Hapa kwetu Ngulyati mtu mwenye akili hasemi kwamba ni mzima. Mwulize hali, atakuambia mgongo unamsumbua, kisha atajitwika furushi la pamba na kwenda zake. Kujisifia afya ni kuwaita wenye jicho baya, na hao hatujawahi kupungukiwa.

Kwa hiyo sikushangaa wifi yangu Milembe aliponyimwa bima.

Kaka yangu Januarius alikuwa amepata kazi Ujerumani na alitaka mkewe amfuate. Ubalozi ukasema kibali cha kuishi huko hakitoki kwa mke asiye na bima ya afya. Zamani bima huku ungeitafuta kwa tochi. Lakini soko lilikuwa limefunguliwa: zilikuja kampuni binafsi kununua pamba, nyuma yake zikaja nyingine kukatia bima malori ya pamba, na malori yalipokwisha zikageukia watu. Wakala wao Bariadi mjini alikuwa Muksini, mwenye duka la vipuri.

Muksini alimwuliza Milembe kwa adabu kama ana maradhi yoyote. Milembe naye akajibu kwa adabu: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, miguu kufa ganzi. Muksini, Mswahili wa Tanga asiyejua mambo yetu, akaandika yote. Kampuni ikajibu kwamba inasikitika. Mimi nilisikitika zaidi, maana mwanamke huyo analima kunishinda mimi na mume wangu tukiunganishwa.

Hata hivyo nilijua kinachomfunga mdomo. Alipozaa mtoto wake wa kwanza, jirani alimsifia kisimani, na Milembe kwa furaha yake akasema mtoto huyo hajaumwa hata mafua. Wiki ileile homa ikamchukua mtoto, tukamzika. Mimi nasema ilikuwa malaria. Milembe hasemi kitu, ila tangu siku hiyo neno "mzima" halijatoka kinywani mwake, na iliniuma kila nilipomsikia akijisingizia maradhi.

Muksini hakutaka kupoteza kamisheni yake. Akaleta daktari, daktari akampima, hakuona kitu. Likabaki sharti moja: mwombaji atamke mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba ni mzima. Akishindwa safari hii, kampuni haitampokea tena, na Januarius ataendelea kuwa mume wa kwenye simu.

Tukakutana dukani: mimi, Milembe, mama yangu Nyanjige, na wateja wawili waliojifanya wanachagua mikanda ya feni. Mama ndiye aliyeanza, akimwuliza Muksini.

"Baba, hao wa kampuni wakishachukua hela, wanaomba Milembe augue au asiugue?"

"Asiugue, mama. Akiugua wanalipa wao."

"Na mwanangu anayetoa hela, atafaidi lini?"

Muksini alijikuna shingo. Akakiri kwamba atafaidi mkewe akiugua.

"Basi wageni wanamwombea heri kuliko mumewe," mama alisema, akamgeukia mkwewe. "Sema, mwanangu. Hapa kuna watu wanaotaka uwe mzima."

Milembe akasimama. Mimi nikajikuta nimeshika upindo wa kanga yake.

"Mimi ni mzima," alisema. "Sina ugonjwa wowote."

Kisha akaanza kulia. Wateja waliacha mikanda wakamkodolea macho, na nikaona jinsi alivyojikunja mbele ya macho hayo.

Mama akainuka, akasimama kati yake na wale watu. Akapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka.

"Mmesikia, huyu ni mzima. Mgonjwa ni mimi. Kifua changu kibovu, figo mbovu, macho hayaoni. Mwenye jicho lake alilete kwangu."

Muksini akachukua kalamu, akauliza kwa adabu zake za Tanga kama mama naye anaomba bima.

Mama alimjibu kwamba hana nafasi, palizi inamsubiri.