Majalada Manne ya Dereva wa Kreni

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Mlinganishi aliifuta meza ndefu ya ghorofa ya pili, akapanga majalada ya wiki hiyo kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akanywa chai yake kabla haijapoa. Kazi yake katika shirika lile la vitabu ilikuwa moja tu. Kitabu kimoja kiliuzwa mikoa minne, na kila mkoa ulipewa jalada lake, maana wakuu waliamini kwamba kinachomvuta msomaji wa kaskazini hakimvuti wa kusini. Ndani maneno yalikuwa yale yale, nukta kwa nukta. Mlinganishi alipima kingo kwa rula, akatazama kama jina halijapungua herufi, akatia alama ya vema kwenye fomu yenye visanduku vitatu: jina, vipimo, rangi. Kisanduku cha kuuliza kama picha inafanana na kilichomo hakikuwapo, na kwa miaka kumi na sita hakukihitaji.

Kitabu kilichokuja kumtoa jasho kiliandikwa na dada yake wa tumbo moja. Huyo alikuwa dereva wa kreni kwenye machimbo ya mawe. Miaka ishirini na miwili alikaa juu, kwenye kibanda cha kioo, akinyanyua mawe ambayo watu kumi wasingeyasogeza. Siku moja waya wa chuma ulikatika, jiwe likawaangukia vibarua watatu. Alikuwa ametoa taarifa mara tatu kwamba waya umechakaa. Ripoti ya kampuni ikasema ni bahati mbaya. Basi akaandika yake, kwa penseli, kwenye madaftari ya shule: tarehe, saa, majina ya marehemu, na jina la msimamizi aliyemwambia aache kelele za kike.

Wachoraji wa majalada hawakuwa wakisoma vitabu. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Watu wa Mauzo waliwaandikia nusu ukurasa, nao wakachora kutokana na hiyo nusu. Ya kitabu hiki ilisema: "Maisha ya mwanamke aliyebeba mizigo mizito kwa miaka ishirini na miwili."

Jalada la kaskazini likaja na mwanamke mwenye mtungi kichwani. Mlinganishi akapima, akatia vema. Jumatatu kitabu kilipoingia madukani huko, dada yake aliamka na mtungi kichwani. Walijaribu kuutoa kwa sabuni, wakajaribu kuuvuta, shingo ikagoma, wakaacha. Ikabidi awe anainama mlangoni. Jirani yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio kwa kuwa hazimiki, aliuzunguka ule mtungi akiukagua.

"Unavuja?"

"Hauvuji."

"Basi, shoga yangu, maadamu uko nao, ukienda bombani nichotee na mimi."

Jalada la mashariki lilikuwa na jua linalotua. Lilipotoka, jua la ukubwa wa sinia lilitokea nyuma ya bega la kushoto la dada, likaning'inia hapo bila kupanda wala kuzama. Mama Redio akawa analeta nguo zake mbichi kuanika sebuleni.

La kusini lilimwonyesha mwanamke kwa nyuma, anaondoka. Tangu siku hiyo, ungesimama upande wowote, ulichokiona ni kisogo na mgongo. Mlinganishi alimzunguka mara mbili mezani.

"Acha kunizunguka, mdogo wangu, unanitia kizunguzungu," kilisema kisogo. "Hebu kaa unisikilize. Mtungi nimeuzoea. Jua nimelizoea. Ila wajane wa wale watatu wako mkoa huu huu wetu. Niliwaahidi nitawapelekea kitabu kwa mkono wangu, nikae mbele yao, waniangalie usoni nikiwaeleza. Niwapelekee kisogo?"

"Limebaki jalada la hapa kwetu."

"Ndilo hilo. Niweke kwenye kreni yangu, na uso wangu. Hata kama umekunjamana kama karatasi ya maandazi."

Alhamisi iliyofuata Mlinganishi alipeleka picha ya zamani. Dada yuko kibandani, vumbi hadi kwenye kope, mdomo wazi akimpigia kelele mtu aliye chini. Mkuu wa Mauzo aliiweka mezani kando ya yale majalada matatu, akarudi hatua mbili nyuma, akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu, linganisha mwenyewe, si ndiyo kazi yako? La kaskazini lina heshima. La mashariki lina matumaini. La kusini lina fumbo. Hili lina nini?"

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe haendi dukani, mzee. Msomaji wa hapa kreni anaziona kila siku. Anataka kupumzika." Akatoa jalada ambalo tayari lilikuwa limechorwa: kiti kitupu cha mbao, chenye mikono, kando ya dirisha. "Ona utulivu huu!"

Mlinganishi alipima kingo kwa mazoea tu. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Sitii vema."

"Jina limekosewa?"

"Halijakosewa."

"Vipimo?"

"Viko sawa."

"Rangi?"

"Rangi ni nzuri."

"Sasa unagomea nini?"

Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Mkuu wa Mauzo alisubiri kwa upole, akaichukua kalamu, akatia vema zote tatu kama kanuni ilivyoruhusu mlinganishi anapougua, akamshauri akapumzike.

Siku kitabu kilipoingia madukani, Mlinganishi alifika kwa dada yake asubuhi. Mtungi haukuwapo. Jua halikuwapo. Kando ya dirisha kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono.

"Umekunywa chai?" kiti kikamuuliza.

Sauti ilikuwa ile ile ya kukwaruza, kwa kuwa ndani ya kitabu hakuna aliyegusa hata neno. Mlinganishi akakaa sakafuni. Dada akaanza kumsimulia tangu ukurasa wa kwanza, tarehe kwa tarehe, naye akasikiliza hadi chai ikapoa.

Wiki hiyo hiyo shirika lilizindua kitabu ukumbini. Lilitafuta kiti kinachofanana na cha jalada, na Mama Redio akawaelekeza watu wake nyumbani kwa dada. Mgeni rasmi alikuwa meneja wa machimbo, ambaye kampuni yake ilikuwa imenunua nakala za kuwazawadia wafanyakazi bora. Zamani alikuwa msimamizi. Akakalia kiti. Chini yake sauti ilisema tarehe, ikasema saa, ikasema majina ya marehemu, kisha ikasema jina lake. Ukumbi ulisikia wote, ukapiga makofi. Meneja akainuka, akaufinya mkono wa kiti.

"Kiti kizuri," alimwambia mtunza ukumbi, "ila kinalia kidogo. Kipigwe msumari."

Kitabu kiliuzika vizuri mikoa yote minne. Ripoti ya kampuni ilibaki na bahati mbaya yake.

Wajane watatu walikuwa wamekaa safu ya nyuma, na Mlinganishi kando yao. Watu walipoisha, walikuja mbele bila kuambiana. Kiti kina miguu minne, nao pamoja na Mlinganishi walikuwa wanne, basi kila mmoja akashika wake.

"Pamoja!" sauti ikaamuru. "Inua. Taratibu, kuna ngazi. Mama wa kulia, mguu wako unazama. Haya. Sasa shusha."

Walikishusha chumbani kwa mjane mkubwa, wakakaa mkekani mbele yake, nguo zikiwa bado na vumbi la njiani.

"Tukuangalie wapi, mwanangu?" mjane mkubwa akauliza.

"Juu kidogo ya mikono ya kiti. Hapo. Hapo hapo, mama, msiondoe macho."

Wakapaangalia, naye akaanza kuwaeleza.