Mbegu ya Magurudumu Manne

"Wapendwa katika Bwana, tegeni masikio, mbingu zimenena! Mchungaji wetu Matthew, baada ya kufunga siku tatu, ameagizwa na Roho alitoe gari lake jeupe liwe mbegu. Litanadiwa leo baada ya ibada, na mapato yote watapewa wajane wa Utange."

Tangazo hilo zito lilisomwa na Mzee Odhiambo, katibu wa kanisa, ambaye husoma chochote anachokikuta ndani ya daftari la matangazo. Likizo ya Aprili aliwasomea waumini orodha ya vitu vya dukani, nao wakaitikia "Amina" kwa kila kitu, kuanzia sabuni ya kipande hadi dagaa wa omena.

Fancy, aliyekuwa amerudi likizoni kutoka shule ya bweni, aliinamisha kichwa kama mtawa. Jicho moja lakini lilikuwa kwenye cherehani ya mkono ya mamake, iliyokaa mbele ya madhabahu kati ya kuku na mkungu wa ndizi, ikingoja mnada. Kwa majuma matatu Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba atoaye kinachomlisha atavuna ploti karibu na uwanja wa ndege. Mamake, Pascalia, hakuwa na kingine kilichomlisha. Wala Fancy hakuwa na karo nyingine.

Vigelegele vilipaa hadi kwenye mabati. Mchungaji akaishika maikrofoni, akafuta jasho.

"Wapendwa, kuhusu hilo gari, Roho bado ananena nami."

"Mtumishi, mbona kwetu alimaliza mapema?" akauliza Mama Dorothy, mkaanga viazi, bila hata kusimama.

"Mchungaji hutangulia, kondoo wakafuata," sauti ikatoka nyuma. "Si ulitufundisha mwenyewe?"

Mchungaji alilichungulia gari lake dirishani kama mzazi anayeaga mtoto. Kisha akatangaza kwamba mnada wote umeahirishwa mpaka Roho amalize.

"Basi na mbegu zetu zikamsubiri nyumbani," akasema Mama Dorothy, akamshika kuku wake miguu.

Njiani Pascalia aliibeba cherehani kichwani, Fancy akifuata na kifuniko chake.

"Fancy."

"Abee, Mama."

"Katibu amenionyesha lile tangazo. Juu lina kichwa cha 'Kuhusu', tena kimepigiwa mstari kwa rula, wino mwekundu. Nani huandika hivyo pale kanisani?"

Fancy alifikiria kumsingizia malaika. Akaghairi, kwa kuwa malaika hawafunzwi barua rasmi.

"Ni mimi, Mama. Lakini nilimwomba Mungu kwanza akuzuie. Nilimpa hadi Jumamosi."

Pascalia aliiweka sawa cherehani kichwani.

"Nami nilisema namtolea Mungu," akasema. "Kumbe nilikuwa nataka ploti. Hata hivyo, kesho utamwomba Mchungaji msamaha. Kuna jingine?"

Fancy alikitazama kifuniko.

"Ile sabuni na omena za Aprili, Mama. Pia ni mimi."