Mota Haijaungua

Breki mpya za baiskeli ya umeme ya mume wangu nilizifunga mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila akipanda mlima, mota inazimika. Nikabadilisha betri, nikakaza nyaya zote, wapi!

Mdogo wake akatia mdomo: “Shemeji, mota imeungua hiyo. Nunueni nyingine.”

“Imeunguaje, na mimi asubuhi imenifikisha juu bila kusita?”

Nikamwambia mume wangu apande tena mbele yetu. Nikamfuata kwa miguu, nahema, macho kwenye mikono yake. Kumbe! Kwa woga wa kuanguka alikuwa amelaza vidole viwili juu ya breki, na breki hizi mpya ukizigusa tu zinakata umeme wa mota.

“Baba, toa vidole kwenye breki!”

“Nikianguka je?”

“Nitakuokota! Toa!”

Akatoa. Mota ikavuma, baiskeli ikachomoka, na mume wangu akaumaliza mlima wote akipiga kelele za furaha.

Shemeji akajikuna kichwa. “Kwa hiyo mota nzima?”

“Nzima kabisa. Mbovu alikuwa kaka yako, na nimeshamtengeneza.”