Saruji Kambini

Neno lililomchefua Nueina kuliko yote katika kambi ile ya Wasahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi, lilikuwa subira. Lilihubiriwa mikutanoni, lilichorwa kutani, na watoto walilishwa hilo kabla hawajaota meno. Sasa Lehbib, mkuu wa kamati ya mtaa, alikuwa akilitamka tena mbele yake, povu la chai limemganda kwenye masharubu.

Mvua ya wiki ile ilikuwa imeyeyusha ukuta wa chumba cha mama yake, Bi Tislem. Matofali ya udongo yaligeuka uji, yakachanganyika na mavi ya mbuzi, yakamfuata bibi wa watu kitandani, naye hawezi hata kusimama. Nueina alimchopoa humo kwa mikono yake, na harufu ile ilikuwa bado haijamtoka puani. Ndiyo maana akaleta saruji. Mawingu mengine yalikuwa yanajikusanya.

"Saruji ni ya mtu aliyekata tamaa ya kurudi nyumbani," Lehbib alisema. "Wazee wetu walijenga kwa udongo makusudi. Hapa tunapita tu."

"Tunapita? Mimi nimezaliwa hapa, nimezaa hapa. Kupita gani huko, kaka?"

"Punguza mdomo, dada. Halafu huo ukuta uacheni hivyohivyo kwanza. Alhamisi wanakuja wageni na kamera zao. Waone tunavyoteseka. Mateso yetu ndiyo sauti yetu."

Nyongo ilimpanda Nueina. Kumbe mama yake alikuwa maonyesho! Bibi kizee alale kwenye mavi hadi Alhamisi ili dunia iguswe, na dunia yenyewe ilishaguswa mara ngapi, ikapangusa machozi ikaenda kula.

"Bi Tislem, hebu mwambie mwanao," Lehbib akamgeukia mgonjwa aliyelala pembeni. "Wewe ndiye mfano wetu."

Bi Tislem alikohoa, akatema.

"Lehbib, mume wangu tulimzika pale kilimani. Kaburi lake tuliliwekea nini?"

"Mawe, mama."

"Ya nini?"

"Mvua isimfukue."

"Basi aliyekufa tumempa mawe, mimi niliye hai mnanipa tope." Akamtazama bintiye. "Koroga saruji, mwanangu. Ila mabati ya paa usiyapigilie sana misumari. Tutayabeba siku ya kurudi."

Lehbib akainua glasi, kumbe tupu. Nueina akaenda kukoroga, akilia kwa hasira, maana mama yake alikuwa hawezi tena hata kujigeuza ubavu, sembuse kubeba bati.